Mchoraji wa Kati

Nianze kwa kukiri, maana nikijificha mtaisikia kwa mwingine na huyo ataongeza chumvi: kuna nyumba moja Qurum, hapa Muscat, ya shangazi yangu khasa, dada yake Baba, ambayo kwa muda wa miezi mitatu sikuweza kuingia kwa mlango wa mbele. Nikitumwa kupeleka kitu naegesha gari upande wa jikoni, nagonga dirisha, nakabidhi, naondoka. Na yote hayo kwa sababu ya neno moja la herufi nne ambalo ningeweza kulifafanua kwa dakika mbili wakati wa chakula cha mchana, nikaona uvivu, nikaendelea kula wali.

Mimi naitwa Nasra, tunakaa Al Khoudh watu watatu tu: mimi, Baba, na Bibi, mama yake Baba, aliyenilea tangu mama yangu alipotangulia mbele ya haki. Nilikuwa na kazi ya ofisini Ruwi, kwenye kampuni ya bima, kazi ya kiyoyozi na mihuri, nikaiacha ili nichore. Naichorea studio moja ndogo ya Japani, wananitumia kazi kwa intaneti na mimi nawarudishia, na ofisi yangu ni meza iliyobanwa baina ya kabati la nguo na cherehani ya Bibi.

Sasa katuni za Kijapani zinatengenezwa hivi (nawaeleza nyinyi vizuri leo kwa sababu waliostahili kuelezwa sikuwaeleza). Mchoraji mkubwa huchora pale tendo linapoanza na pale linapoishia. Mkono upo mapajani, hiyo picha ya kwanza. Mkono upo juu unapunga, hiyo ya mwisho. Pembeni huweka kijistari chenye alama, kuonyesha zilizobaki zikae wapi, halafu kazi inashuka kwa mtu kama mimi, niliyekaa mbali huko nimekunja miguu juu ya kiti, nami nachora zile za kati, moja baada ya moja, ili mkono usiruke bali upande kama mikono ya watu inavyopanda. Huna ruhusa ya kuongeza chako. Mstari uwe mwembamba vile vile, pua iwe ile ile, ukizidisha hata ukope mmoja mkaguzi anakurudishia na wino mwekundu. Ikiwa nzuri hakuna anayeiona, ikiwa mbaya wote wanaiona, na mimi kazi hiyo niliipenda kwa sababu hiyo khasa, kwani tangu utoto wangu napenda kukaa pale ambapo macho hayafiki.

Baba hakuipenda. Hakugombana, Baba hagombani, yeye hunyamaza, na kunyamaza kwake kunajaa nyumba nzima mpaka unasikia friji inavyounguruma. Bibi ndiye aliyemwendea, wakajifungia sebuleni baada ya sala ya Alfajiri, akatoka na hukumu: nimepewa mwaka mmoja. Ukimalizika na hakuna la maana aliloliona, narudi Ruwi kwenye mihuri.

Basi Ijumaa moja, mwaka wenyewe umeshakula miezi minane, tumekaa tunakula, Bibi akanigeukia.

"Mke mwenzangu," akasema (ndivyo anavyoniita, utani wake huo wa bibi na mjukuu), "hebu nambie leo, nnataka kujua. Hao Wajapani wako, wachoraji wangapi?"

"Wengi, Bibi. Wanapita mia."

"Na weye u wapi katika hao?"

"Mimi ni mchoraji wa kati."

Bibi akaacha kula. "Wa kati," akasema.

"Naam, wa kati."

"Kama nguzo ya kati."

Hapo ndipo nilipopotea, jamani. Nilikuwa na tonge mdomoni, nikataka kumeza niseme hapana Bibi, si kati ya nguzo, ni kati ya picha na picha, ila nikamwona Baba ameinua macho kutoka kwenye sahani na kunitazama kwa mara ya kwanza kwa miezi kama mtu anayetaka kusikia zaidi, nikamwona na Bibi, uso umemchangamka, na samaki alikuwa mtamu, na kueleza kungekuwa kurefu. Nikatikisa kichwa. Ndiyo. Kama nguzo ya kati.

Mjue Bibi yangu haandiki ujumbe, hutuma sauti, na sauti zake si fupi. Kabla ya Alasiri habari ilikuwa imeshafika kwa Bi Moza. Huyu Bi Moza ni shoga yake tangu Unguja, wamecheza pamoja na kuja Oman pamoja, sasa anakaa jirani na Shangazi, na ana mjukuu daktari. Kila wakikutana lazima tujue daktari kampasua nani wiki hiyo na aliyepasuliwa kashukuru vipi. Miaka sita Bibi amekaa akisikiliza, akisema mashallah, akiwa hana lake la kuweka mezani. Sasa analo. "Nasra wamemuweka kati," nikamsikia akiiambia simu kule uwani, "hao Wajapani wote wamemzunguka." Kufika Isha habari ikawa imeshafika Unguja na kurudi, na iliporudi ilikuwa imenenepa: nimeitwa Tokyo, nikakataa kwa ajili ya bibi yangu. Ami yangu wa huko akaniombea dua ya dakika nne.

Mngefanya nini nyinyi? Ningemwambia vipi Bibi baada ya hapo? Nikasema yatapita.

Hayakupita, kwa sababu filamu niliyoichorea nayo ilitoka. Mimi mwenyewe nikamwambia Ghaniya, binti wa Shangazi, kwamba sasa yapatikana mtandaoni (huo ujinga wangu wa pili), Ghaniya akamwambia mama yake, na Shangazi, ambaye haamini kama jambo limetokea mpaka lipikiwe sambusa, akaitisha watu Ijumaa, baada ya Alasiri, kwake Qurum, kwenye tivii yake iliyo pana kuliko meza yetu ya chakula. Mwaka wangu ulikuwa unakatika Jumapili ile.

Niwaambie kwanza nilichokuwa nacho ndani ya filamu ile. Moshi wa sufuria. Miguu ya wapita njia, kwa mbali. Na picha tano za bibi mmoja mzee aliyesimama kituo cha treni, mjukuu wake anaondoka, bibi anainua mkono kumuaga. Picha tano hizo hazitimizi sekunde moja. Lakini mimi nilizipenda, na kwa siri nilifanya jambo. Bibi yangu kila nikitoka huniaga mlangoni, na kwa kuwa ana bega bovu mkono wake haupandi moja kwa moja, hupitia kifuani kwanza, ukavuta ncha ya mtandio, ukapumzika hapo kidogo, ndipo ukapanda. Nilimpiga video kwa simu nikiwa ndani ya gari, yeye hajui, nikachora vile. Mkaguzi, mama mmoja wa huko Japani ambaye tunaandikiana kwa mashine ya kutafsiri, akanirudishia na wino mwekundu: kwa nini mkono umepita kifuani? Nikamjibu, bibi yangu huweka sawa mtandio wake kwanza. Akaandika: bibi huyu hana mtandio. Nikaona nimekwisha. Siku mbili baadaye akaandika tena: nimemuuliza mchoraji mkubwa, amesema tuache.

Hilo sikumwambia mtu. Niliona haya.

Ijumaa ikafika. Wanawake wamejaa sebuleni, wengine nawajua, wengine hawajui hata jina langu lakini wamesikia kuna halwa, wanaume wako majlis upande wa pili. Bibi kaketi kochi la kati (bila shaka), kavaa abaya yake ya harusi za watu, kajifukiza udi, na Bi Moza kaketi ubavuni mwake. Ghaniya akaunganisha simu yake na tivii, taa zikazimwa, filamu ikaanza, na Bibi akaanza na yeye.

"Huyu wako?" Msichana anakimbia.

"Bado, Bibi."

"Huyu?" Paka.

"Bado."

"Hata wingu hilo?"

"Wingu la mtu mwingine, Bibi."

"Basi nyumba yote hii ya nani, ikiwa nguzo ya kati ni weye?"

"Labda," Bi Moza akasema kwa upole kabisa, "mchoraji wa kati anaingia katikati."

Nilikuwa natoka jasho na kiyoyozi cha Shangazi kinaweza kuhifadhi nyama. Dakika zikaenda. Treni ikafika kituoni, bibi yule mzee akatokea, nikasema, "Sasa," na wakati huohuo Shangazi akasimama mbele ya tivii na sinia la kaimati, akauliza nani hajapata.

"Imeshapita," nikasema.

"Nini?" akauliza Bibi.

"Yangu."

Wakamwambia Ghaniya arudishe. Akarudisha. Safari hii wote walitazama, hakuna aliyetafuna, treni ikafika, bibi akaaga, treni ikaondoka, na wote wakaendelea kutazama kwa hamu wakisubiri kazi yangu ianze. Ikabidi niseme tena kwamba imepita. Nikaona watu wanatazamana. Ghaniya, kwa nia njema, na mimi sina ugomvi naye hata leo, akasema, "Ngoja niisimamishe, watu waione."

"Usiisimamishe," nikasema.

Maana picha ya kati haisimamishwi, jamani. Haikuchorwa itazamwe, imechorwa ipitwe. Simamisha hata mtu mzuri vipi akiwa katikati ya kupepesa jicho na kutamka neno, utaona alivyo.

Akaisimamisha. Bibi yule kajaa tivii nzima, jicho moja limefumba, la pili limefumba nusu, mdomo umekwenda upande kwa sababu ndiyo kwanza anataka kusema kwaheri, shingo inageuka na pua imebaki nyuma, na vidole vimekusanyika kifuani kama anayejishika roho.

"Kakwamwa na mwiba," mmoja akasema huko nyuma.

"Si mwiba," Bi Moza akasema. "Mjukuu wangu anasema ukiona mdomo umekwenda upande hivyo, usisubiri, mkimbize hospitali."

"Endelea mbele, Ghaniya," nikasema. Ghaniya akabonyeza, haikwenda. Intaneti imekwama. Akajaribu rimoti, rimoti nayo inatazamana naye tu. Mke wa jirani akauliza kama sura hiyo ndiyo niliyoichora mimi kwa mkono wangu, Shangazi akamjibu ndiyo, mashallah, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kujificha. Na mimi nikiwa nafikiri imefika mwisho, simu ya Bibi ikalia sauti ya Ami kutoka Unguja, Bibi akaifungua hadharani kama kawaida yake: "Masikini, Mwenyezi Mungu amponye. Huyu ni nani, kwa upande wa nani?" Ghaniya alikuwa ameshaipiga picha na kuituma kwenye kundi la ukoo mzima.

Nikasema bora nichomoe waya. Nikainuka mbio, nikakanyaga abaya yangu mwenyewe, goti likapiga birika la kahawa, birika likaruka, kahawa ikamwagika kwenye zulia jeupe la Shangazi (lile ambalo watoto hawaruhusiwi hata kulitazama), nami nikaangukia magoti mbele ya tivii, uso wangu chini ya uso ule. Hapo ndipo kikohozi kikasikika mlangoni. Wanawake wakaweka mitandio yao sawa. Baba.

Alikuwa amekuja kutazama kelele ni za nini. Akaitazama tivii. Akaitazama kahawa. Akanitazama mimi.

"Hii ndiyo ya mwaka mzima?" akauliza.

Aliuliza taratibu, bila ukali, na ndiyo maana iliniuma. Lakini iliyoniuma zaidi ilikuwa sauti ya Bibi iliyofuata, ndogo, kama ya mtoto aliyeahidiwa kitu.

"Nasra. Si ulisema wa kati?"

Nikakiri pale pale magotini. "Bibi, kati ile si kati hii," nikasema, na mara nikaona sielewani hata na nafsi yangu. "Yaani si kati ya nguzo. Ni baina. Wakubwa wanachora mwanzo na mwisho, mimi nachora pale baina ya mwanzo na mwisho, mkono ukiwa njiani. Mimi ni wa mwisho kabisa kule, Bibi, hata jina langu hawalijui wote. Nilitaka kukwambia siku ile, nikanyamaza."

"Kumbe mtu wa njiani," Bi Moza akasema, na sidhani kama alikusudia ubaya.

Bibi alitazama mikono yake mapajani, akaanza kuzisugua pete zake, na mimi nikajua nimemvua nguo bibi yangu mbele ya mtu mmoja ambaye miaka sita alitaka avae mbele yake. Kurudi Ruwi hakukuwa kitu tena. Ningegonga mihuri mpaka kiama kama ningeweza kuirudisha Ijumaa ile ya wali na kumeza tonge langu haraka.

Na pale intaneti ikarudi. Hakuna aliyegusa kitu. Bibi yule wa kwenye tivii akafumbua macho, mdomo ukakaa mahali pake, mkono ukatoka kifuani ukapanda, akaaga, treni ikaondoka.

"Rudisha," Baba akasema.

Ghaniya akarudisha. Baba akaingia hatua moja ndani, jambo ambalo hafanyi penye wanawake wageni.

"Tena."

Akarudisha tena. Mkono kutoka mapajani, ukapita kifuani, ukagusa ukosi pale ambapo hakuna mtandio, ukapumzika, ukapanda.

"Huyo Mama," Baba akasema.

Shangazi akaja akaketi kwenye mkono wa kochi, akatazama mara ya tatu, mkono mdomoni. "Wallahi Mama," akasema. "Mtandio wake huo. Bega lake hilo."

"Nani, mie?" Bibi akahamaki, akakaa wima. "Mie siagi hivyo hata. Mwanamke mzima aanze kujipapasa kifua kwanza? Mie naaga hivi." Na akainua mkono kutuonyesha. Ukatoka mapajani, ukaja kifuani, ukavuta ncha ya mtandio, ukapumzika hapo, ukapanda.

Sebule nzima ikaangua kicheko, Shangazi akicheka na machozi yanamtoka kwa pamoja, na Bibi mkono ungali juu, anauliza, "Mnacheka nini? Mnacheka nini nyie?" Mimi nilikuwa nalia bila aibu kwenye kahawa. Bi Moza ndiye aliyemshusha mkono, polepole kwa ajili ya lile bega, akaushika. "Mjukuu wangu bega hili kalipiga picha mara tatu," akasema, "hakuliona hivi." Bibi akamtazama kuona kama ni utani. Haukuwa. Basi akaweka mtandio wake sawa, akaagiza halwa ipitishwe tena.

Baba alikuwa bado amesimama. "Hata kabla ya bega," akasema, sijui alikuwa anamwambia nani. "Siku naondoka kwenda masomoni aliniaga hivyo hivyo." Kisha akakumbuka yuko wapi, akakohoa, akarudi majlis.

Mngedhani aibu imeishia hapo. Bibi akasema haondoki mpaka alione jina langu, basi tukakaa mpaka mwisho kabisa, majina ya Wajapani yanapanda kwa maandishi yao, na yangu wameliandika kwa herufi zao nao. Ghaniya akasimamisha, akaelekeza simu yake isome. Sasa herufi za Kijapani hazipendi konsonanti mbili zikae pamoja, lazima wachomeke irabu, na simu ikatamka kwa sauti ya mwanamke wa heshima zake: "Nasura."

"Na sura?" Shangazi akauliza. "Na sura ipi, ile iliyopinda?"

Mpaka leo ukoo mzima, Muscat na Unguja, hawaniiti Nasra. Ami ananiandikia Nasura, na huongeza salamu kwa mgonjwa.

Lakini Bibi hakucheka na wenzake, alikuwa amekaribia tivii, anahesabu kwa kidole. Majina yetu sisi wa kati yalikuwa mengi, yamepangwa safu tatu. Langu lilikuwa safu ya pili. Akaligonga kwa kucha, akamgeukia Bi Moza.

"Huku watu, na huku watu," akasema. "Si nilikwambia wa kati?"

Adhana ya Magharibi ikatukuta kwenye kusafisha zulia, tukasali, tukaondoka. Ndani ya gari Bibi alisinzia kabla hatujafika barabara kuu. Baba aliendesha, nami nyuma nikawa nahesabu: Jumamosi, Jumapili. Tulipokaribia kwetu akanitazama kwenye kioo.

"Mwaka wa Kijapani," akasema, "una miezi mingapi?"

"Kumi na miwili, Baba. Kama wetu."

Akafikiri mpaka tukapita mzunguko wote wa barabara.

"Michache," akasema. Na hakulitaja tena.

Sasa somo langu ni hili: ukiulizwa kazi yako, meza, ujibu, hata samaki awe mtamu vipi. Nimejiapia pia kwamba filamu yoyote niliyoigusa, rimoti nitaikalia mimi. Na lipo la tatu, nalo linaniuma kidogo. Tangu siku ile Bibi anajua kuwa namtazama. Nikitoka sasa huniaga kama mcheza filamu, mkono unapanda moja kwa moja, umenyooka, bega linamuuma na yeye anatabasamu, mtandio hauguswi kabisa. Nimempotezea kitu chake kwa kukisema mbele ya watu, na ule wa kweli umebaki kwenye video yangu ya simu na kwenye zile picha tano.

Ila wiki iliyopita nilikuwa nakwenda Ruwi kununua kalamu za kuchorea, Baba yuko getini anamwagia maji mti wa ndimu. Baba haagi watu, hutikisa kichwa tu. Nikawasha gari, nikatazama kioo cha pembeni, nikamwona ameweka mpira wa maji chini. Mkono ukainuka, ukapitia kifuani, ukakishika kile kishada cha nyuzi kinachoning'inia kwenye ukosi wa kanzu yake, ukapumzika hapo, ndipo ukapanda.

Nimewaambia nyinyi tu. Yeye simwambii.